Kabla ya Kununua Tone Jingine

Mbwa wangu anaitwa Kasa. Ni Labrador wa rangi ya mchanga, kilo 31, na bahari anaipenda kuliko chakula. Tunaishi Bamburi, Mombasa, na asubuhi nyingi tunashuka ufuoni kabla jua halijawa kali. Alipotimiza miaka mitatu alianza kutikisa kichwa. Baadaye akawa anajikuna sikio la kushoto kwa mguu wa nyuma huku akiguna, na nilipoliinua sikio nikakutana na harufu ya unga uliochacha na uchafu wa rangi ya kahawa. Katika miezi 14 iliyofuata sikio lile liliugua mara sita. Risiti zote nilizitia kwenye bahasha moja. Siku nilipozimwaga mezani nikazijumlisha, niliona kwamba mara zote sita nilikuwa nimenunua kitu kilekile: majuma matatu bila harufu.

Bei nitakazozitaja zimetoka kwenye bahasha hiyo, kwa shilingi za Kenya. Kwenu zinaweza kupanda au kushuka. Mimi najali zaidi jinsi gharama moja inavyosimama mbele ya nyingine, kwa sababu hapo ndipo wenye mbwa wengi tunapopoteza fedha, na mnyama anaendelea kuumia.

Mara tatu za kwanza sikwenda kwa daktari. Nilianza na duka la dawa za binadamu, nikapewa matone ya gentamisini kwa shilingi 400. Mara mbili zilizofuata nilikwenda agroveti, 650 kila safari. Kijana wa dukani aliniuliza swali moja tu: "Linanuka?" Nikasema linanuka. Akanipa chupa. Jumla ya njia hii ni shilingi 1,700, na ukiitazama peke yake ni rahisi mno.

Lakini sikio la mbwa halikuumbwa kama letu. Mfereji wake hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, na ngoma ya sikio iko mwisho wa kona hiyo. Kwa macho ya kawaida huioni, hata ukiwa na tochi. Ikiwa ngoma imetoboka kwa usaha wa muda mrefu, dawa kama gentamisini inaweza kupita hadi sikio la ndani ikaharibu usikivu na mizani ya mwili, na mbwa akabaki anatembea kichwa upande. Mimi nilitia matone yale bila kujua hali ya ngoma ya Kasa. Haikuwa imetoboka, namshukuru Mungu, ila hilo nililijua miezi mingi baadaye.

Chupa ya tatu ilikuwa dawa ya utitiri wa masikio. Utitiri huu upo kweli, na huacha uchafu mweusi kama masimbi ya kahawa, lakini huwapata sana watoto wa mbwa na paka. Mbwa mzima anayeugua sikio mara kwa mara aghalabu ana tatizo jingine. Na hapa niseme wazi jambo moja: sindano ya ivamektini ya ng'ombe, inayouzwa kwa bei ndogo na kusifiwa na majirani, usimchome mbwa wako kwa kukisia. Kipimo chake kimepangwa kwa mnyama mwenye uzito mkubwa, na mbwa wa ukoo wa Collie wengi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kufa.

Mara ya nne, ya tano na ya sita nilikwenda kwenye kliniki. Kumwona daktari 1,500, matone 1,900, sindano 600. Jumla 4,000 kwa safari moja, 12,000 kwa safari tatu. Huduma ilikuwa ya upole na Kasa alipata nafuu ndani ya siku moja. Nilisifu sana. Sikujua kwamba chupa nyingi za matone ya mbwa huchanganya dawa tatu kwa pamoja: ya kuua bakteria, ya kuua fangasi, na steroidi ya kutuliza uvimbe na muwasho. Steroidi hutuliza karibu kila sikio kwa siku za mwanzo, hata kama dawa nyingine mbili hazijafika panapotakiwa. Nami harufu ilipoisha siku ya tano niliacha kutia, ilhali nilikuwa nimeambiwa siku 14. Kosa hilo ni langu. Kuacha dawa katikati huviacha hai vijidudu vilivyo sugu zaidi, na tone linalofuata linakuta kazi ngumu kuliko la kwanza.

Katika safari hizo tatu hakuna aliyechukua uchafu wa sikio akautazama kwa darubini. Ndilo lalamiko langu kubwa.

Daktari wa pili nilimpata kupitia jirani anayefuga mbwa wa ulinzi. Nilifika na bahasha yangu, nikaanza kuuliza juu ya dawa mpya niliyosikia habari zake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, kabla hujanunua tone jingine, tuangalie sikio limeshikwa na nini." Alizungusha kijiti cha pamba ndani ya kila sikio, akakiviringisha juu ya kioo, akakitia kioo rangi na kukiweka chini ya darubini. Haikuchukua hata robo saa. Akaniita nitazame. Palijaa vitu vidogo vyenye umbo la karanga isiyomenywa: fangasi aitwaye Malassezia, kwa wingi usio wa kawaida. Bakteria wa duara walikuwa wachache. Kipimo hicho kwa masikio yote mawili kilikuwa shilingi 1,500, pungufu ya chupa moja ya matone ya kliniki.

Kioo kile kiliniokolea fedha palepale. Nilikuwa nimejiandaa kulipia kipimo cha kuotesha vijidudu maabara, 4,500 pamoja na usafiri wa sampuli, kwa kuwa nilisoma kwamba sikio sugu lazima lioteshwe. Daktari alinieleza kwamba kipimo hicho kina thamani yake pale darubini inapoonyesha bakteria wenye umbo la vijiti, ambao mara nyingi ni Pseudomonas, mgumu wa kutibika. Au pale matone yaliyotumiwa sawasawa yameshindwa. Kwa fangasi wa Kasa kingekuwa fedha iliyotangulia haja.

Kilichogharimu zaidi ni kusafisha sikio Kasa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, 6,500. Nilisita. Akaniambia matone yote niliyonunua yalikuwa yanaishia juu ya kizibo cha nta na uchafu, na kwamba hata yeye hawezi kuiona ngoma mpaka kizibo kitoke. Kilitoka, chembe kwa chembe, na ngoma ikaonekana nzima. Ukijumlisha kumwona daktari 2,000, darubini 1,500, usafishaji 6,500, matone 2,200 na chupa ya maji ya kusafishia 1,800, unapata 14,000. Matibabu yote sita yaliyotangulia yalikuwa yamenila 13,700.

Nilidhani hesabu imefungwa. Siku ya marudio, darubini ilipoonyesha sikio limetulia, daktari aliuliza, "Miguu anailamba?"

"Anailamba, hasa usiku."

"Basi ngozi yake yote inawasha, sikio ndilo limetangulia kulia."

Malassezia huishi hata kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya. Huongezeka pale joto, unyevu na uvimbe vinapokutana, na kwa mbwa wazima kinacholeta uvimbe mara nyingi ni aleji: ya vumbi na poleni, ya viroboto, au ya chakula. Masikio yanayoning'inia na maji ya bahari huzidisha hali, lakini Labrador wengi huogelea maisha yao yote bila kuugua. Kwa hiyo mwenye mbwa anayetaka kuacha kununua matone hana budi kuuliza nani amemfungulia fangasi mlango.

Hapa ndipo uchaguzi wa fedha unapokuwa mgumu. Wapo wanaouza kipimo cha damu cha aleji ya chakula. Sikukinunua, na simshauri mtu akinunue, kwa sababu majibu yake kwa mbwa hayaaminiki. Njia inayokubalika ni kumlisha mbwa kwa majuma nane aina ya nyama ambayo hajawahi kuila, bila kitu kingine chochote, kisha kumrudishia chakula cha zamani uone.

Kuna chakula maalumu cha kiwandani ambacho protini yake imevunjwavunjwa hadi mwili usiitambue. Begi la kilo 12 niliambiwa ni 21,000, na Kasa angehitaji karibu mawili: 42,000. Kwa ushauri wa daktari nilichukua njia ya jikoni. Kasa alikulia nyama ya ng'ombe, kuku na mabaki ya samaki, lakini ngamia hajawahi kumuonja, na Mombasa bucha za ngamia zipo. Kila siku nilimchemshia gramu 400 za nyama kwa 240 na gramu 800 za viazi vitamu kwa 64, bila mafuta, bila chumvi, na bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa. Siku 56 zilikuwa kama 17,000. Ni pungufu ya nusu ya bei ya mabegi mawili, ila unalipa kwa jasho: kupika, kupima, na kulinda mlango. Hata kidonge cha kupe chenye ladha ya nyama ilibidi tukibadilishe. Siku ya 19 mama yangu, kwa huruma, alimpa Kasa kipande cha mahamri. Sikumlaumu, maana Kasa akimtazama mtu anayekula, moyo wa mtu huyo haustahimili. Lakini daktari alituongezea majuma mawili na mfuko ukapungua 4,000 nyingine. Chakula hiki kinafaa kwa jaribio la mbwa mzima tu. Mtoto wa mbwa, au mbwa atakayelishwa hivyo miaka, anahitaji madini na vitamini vilivyopimwa na mtaalamu.

Kulamba miguu kulipungua sana. Tulipomrudishia nyama ya ng'ombe, siku ya nne alianza kujikuna shavu na sikio likawa jekundu. Tukaiondoa, likatulia. Kuku alipita salama. Sasa nasoma kila mfuko wa chakula hadi mstari wa mwisho, kwa sababu mfuko wenye picha ya kuku unaweza kuwa na unga wa nyama ya ng'ombe ndani.

Muwasho kidogo ulibaki, na huongezeka masika. Kwa huo tulikuwa na dawa mbili za kulinganisha. Vidonge vya prednisoloni bei yake ni ya soda, vinafanya kazi haraka, na vikitumiwa siku nyingi vinamfanya mbwa awe na kiu, njaa na mkojo usioisha, na kudhoofisha mwili. Apoquel, yenye oklasitinibu, haina madhara hayo ya steroidi, ingawa nayo inahitaji uangalizi wa daktari. Kwa uzito wa Kasa nilitajiwa 350 kwa kidonge, kimoja kila siku, yaani 10,500 kwa mwezi. Kwa mbwa anayewashwa mwaka mzima ningejinyima nikainunua. Kwa wetu, tulikubaliana prednisoloni kwa siku chache tu pale msimu unapochacha.

Gharama ya kudumu ni maji ya kusafishia masikio. Unajaza mfereji, unasugua shina la sikio kwa nje hadi usikie maji yakichezacheza ndani, unamwacha atikise kichwa, kisha unafuta kwa pamba pale tu kidole kinapofika. Vijiti vya pamba husukuma uchafu chini, viache. Chupa ya mililita 125 hutosha mara 12 kwa masikio yote mawili. Nikisafisha mara mbili kwa juma inakaa majuma sita, sawa na 1,200 kwa mwezi. Maji ya chumvi ya hospitali ni rahisi zaidi na hayaunguzi, lakini hayayeyushi nta wala hayakaushi. Siki, hata iliyochanganywa na maji, huchoma sikio lenye vidonda. Mafuta ya nazi huacha utelezi na unyevu ambao fangasi anaupenda.

Upasuaji wa kuondoa mfereji wote upo pia, kwa masikio yaliyoziba na kuwa magumu kama mfupa. Huondoa maumivu ya miaka, hupunguza usikivu, na unahitaji mpasuaji mwenye uzoefu. Nimekutana na Cocker Spaniel mmoja aliyefikia hapo, na mwenyewe alilia aliponisimulia miaka ya matone iliyotangulia.

Kama karibu nawe hakuna kliniki yenye darubini, fikiria vyuo. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete na kina kliniki ya wanyama wadogo. Morogoro ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na popote uendapo, uliza kabla ya kulipa: mtatazama kwa darubini? Mtaiangalia ngoma ya sikio? Marudio ni lini?

Mwezi Mei, katikati ya mvua, Kasa alianza tena kutikisa kichwa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kabati, ilipobaki nusu chupa ya matone. Nikaifunga kabati, nikampakia kwenye tuktuk. Daktari alitazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia, akaniachia nafasi nami nitazame. Hapakuwa na karanga. Yalikuwa maji tu yaliyobaki baada ya kuogelea. Tulirudi nyumbani na risiti ya 1,500 na agizo la kumkausha vizuri, na njia nzima Kasa alikuwa ametoa kichwa nje, masikio yake yakipepea kwa upepo wa barabara ya Malindi.