Mtoaji Ana Haki ya Kuuliza

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imenijia niliposoma habari za chama cha Marekani kiitwacho National Rifle Association, ambacho maelfu ya watu hukilipia ada miaka nenda miaka rudi, na juu ya ada wakaongeza mchango, ili kiwatetee haki yao ya kumiliki bunduki.

Chama hiki kiliasisiwa New York mwaka wa 1871 na maafisa wawili wa jeshi la Kaskazini waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shabaha yao ilikuwa ni shabaha hasa: kuwafunza watu kulenga. Siasa ilikuja kutia fora baadaye. Mwaka wa 1977 viongozi walitaka kuhamishia makao makuu Colorado. Wanachama wakakutana Cincinnati, wakajadiliana usiku kucha, na kulipopambazuka viongozi wale hawana vyeo tena.

Nguvu hiyo waliitoa wapi? Katika chama kile kura ni ya mwanachama wa maisha, au yule aliyedumu miaka mitano mfululizo. Aliyedumu ndiye mwenye sauti.

Lakini sauti isiyotumiwa hufifia. Tangu 1991 chama kiliongozwa na Wayne LaPierre kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka wa 2020 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alikishtaki. Mahakamani zikatajwa ndege za kukodi na safari za Bahamas, zote kwa fedha za chama. LaPierre alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la raia mahakamani likaamua arudishe zaidi ya dola milioni 4.

Juu ya bunduki zenyewe, Wamarekani wamegawanyika vikali, nami siingii baina yao. Linalonishughulisha ni yule mzee wa kijijini aliyetuma dola zake kila mwaka, akidhani zatetea haki yake.

Chuoni tulifunzwa kwamba amana ni amana, iwe senti au lakhi. Nasi Pwani twachangia madrasa, msikiti na chama cha maziko, kisha twaona haya kuuliza hesabu, tusije tukaambiwa twawadhania watu vibaya. Ndugu msomaji, kuuliza si kudhania vibaya. Mweka hazina mwaminifu hufurahi daftari lake linapofunguliwa.