Kila Mtu na Sindano Yake

Vijana wengi hupenda kutoga masikio, kuchanja chale au kuchorwa mwilini kwa sindano na wino. Ni pambo. Lakini kila tundu ni kidonda, na kidonda ni mlango wa magonjwa.

Sindano au wembe uliotumika hubaki na damu, hata kama huioni. Damu hiyo huweza kuleta UKIMWI na homa ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7. Kupangusa sindano kwa kitambaa hakutoshi.

Udongo na mavi ya ng'ombe vina vijidudu vya pepopunda. Usivipake kwenye kidonda.

Fanyeni hivi:

1. Sindano au wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Wino nao msichangie.

2. Anayetoga anawe mikono kwa sabuni.

3. Osha kidonda kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

4. Ulizeni zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kidonda kikitoa usaha, au taya zikikaza, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Pepopunda huua.