MAELEZO KUHUSU KUZURU HEKALU LA WAHINDU KWA ASIYEFUATA IBADA YA DINI MAALUMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, wanaposafiri kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu kwa ajili ya kazi, matibabu au biashara, hupita mbele ya hekalu la Wahindu bila ya kupata kuvuka kizingiti chake. Miongoni mwao wamo wanaomwamini Mungu lakini hawasali kanisani wala msikitini. Hao huuliza mambo mawili: je, asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia? Na akiingia, atahesabiwa kuwa ameingia katika dini hiyo?

Kwanza yafaa majina yatumiwe ipasavyo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu: wapo Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, Bohora na Ithnaasheri, wapo Magoa ambao ni Wakatoliki, na wapo Makalasinga. Neno "Baniani", ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa Wahindu, siku hizi husikika kama dharau, na ni bora liachwe.

Katika Usukuma, wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wenye asili ya Gujarat, walifungua maduka na viwanda vya kuchambua pamba wakati wa ukoloni. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya Paul Bomani, na biashara ya pamba ikaanza kubadili mikono. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na kutaifishwa kwa majengo mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilihama. Kwa sababu hiyo kijana wa Bariadi, Maswa au Meatu anaweza kukua bila ya kuwa na jirani Mhindu, na anayoyajua kuhusu hekalu ni ya kusikia tu.

Kuhusu swali la kwanza, mahekalu ya Afrika Mashariki kwa kawaida humpokea mgeni yeyote mwenye adabu. Yapo machache huko India, kama lile la Jagannath mjini Puri, yasiyoruhusu wasio Wahindu. Huo si utaratibu wa huku. Mgeni huvua viatu mlangoni, huvaa nguo za heshima na huingia akiwa hajanywa pombe. Kufunika kichwa si sharti la jumla; sharti hilo ni la hekalu la Makalasinga, na watu huyachanganya. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Ruhusa ya kupiga picha huombwa kwanza, na chumba cha ndani kabisa ni cha kuhani peke yake.

Jambo linalowatatiza wengi ni sanamu. Kwa Wahindu, sanamu ikishawekwa wakfu huhudumiwa kama mwenye nyumba aliyepo: huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hupelekewa chakula, na mchana hupumzishwa. Ndiyo maana msafiri anayefika adhuhuri huenda akakuta pazia limefungwa, akadhani amefukuzwa. Arudi alasiri. Kinachowaleta watu hapo ni darshani, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Mtazamaji aliyesimama kimya nyuma ya waumini hayuko mbali na tendo hilo kama anavyodhani, lakini hakuna anayemtaka akiri lolote.

Msukuma aliyelelewa penye kibanda cha masamva uani ataona mambo ambayo si mageni sana kwake: chakula kinachotengwa, na walio hai wanaojiona kuwa na wajibu kwa wasioonekana. Hata hivyo mizimu ya ukoo si miungu ya Wahindu, na haifai mgeni kuwaeleza wenyeji kwamba yote ni mamoja. Kosa hili huwapata hasa wasiofuata dini yoyote. Kwa kuwa hawana ibada yao, huona wepesi kuonja za wengine: hupiga kengele, hujipaka rangi pajini na kuinama, kisha huondoka wakicheka. Ni heri asimame tu na kutazama.

Anayealikwa kushiriki ana hiari. Wakati wa arati, taa huzungushwa mbele ya sanamu, kisha hupitishwa kwa watu, nao hupitisha viganja juu ya mwali na kugusa uso. Mgeni anaweza kuiacha ipite. Prasadi ni chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, kisha kikagawiwa watu. Hupokewa kwa mkono wa kulia. Asiyetaka kukila huunganisha viganja kifuani na kushukuru. Sadaka ya sandukuni si ada ya kiingilio.

Ama swali la pili, kuvuka kizingiti si kiapo, na hakuna daftari la waumini wapya mlangoni. Uhuru wa imani umewekwa katika Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, nao unamlinda pia asiyekuwa na dhehebu. Mtumishi aliyeonekana akitoka hekaluni hapaswi kuhojiwa ofisini kwa sababu hiyo, wala jirani hana haki ya kumtangazia dini mpya. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu inakataza kuvuruga ibada halali ya dini yoyote.

Wanaopenda kuzuru kwa kikundi, kama vile walimu na wanafunzi wao, wawaarifu viongozi wa hekalu mapema, na waepuke kufika bila taarifa siku za Diwali, sikukuu inayoangukia Oktoba au Novemba, ambapo wenyeji huwa na wageni wao wengi.