Baridi Inasingiziwa: Mapafu ya Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kuwa pakiti ya krispsi iliyofungwa Dar es Salaam huvimba ikifika Iringa? Basi likishamaliza kona za Kitonga, masikio ya abiria huziba na kuzibuka, na pakiti walizonunua stendi ya kule chini huwa zimefura. Hakuna aliyeziongezea upepo. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa ya nje. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pumzi ile ile ikivutwa ufukweni Kigamboni.

Mgeni huligundua hilo akikimbia au akipanda ngazi. Timu inayotoka pwani kuja kucheza Uwanja wa Sokoine hulisikia kipindi cha pili. Mwenyeji halioni kabisa, kwa sababu mwili wake umeshajipanga. Oksijeni ikipungua, mtu huanza kuvuta pumzi nzito zaidi, na figo hutoa homoni inayoiamuru mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Baada ya wiki kadhaa, hata mgeni anazoea.

Basi hewa nyepesi si tatizo. Lakini ukiuliza Mwanjelwa au Mafinga ni kitu gani kinaharibu mapafu huku, utajibiwa upesi: baridi. Mtoto akikohoa, kapigwa na baridi. Mzee akibanwa kifua, ni baridi ya Juni. Ni kweli kwamba usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na hewa baridi kavu inaweza kumbana mwenye pumu. Hata hivyo, hewa hiyo haiyafikii mapafu ikiwa baridi. Inapopita puani, kooni na kwenye bomba la hewa, hupashwa moto na kulowanishwa njia nzima, na inapofika ndani kabisa huwa na nyuzi 37, joto la mwili wenyewe.

Huko ndani ndiko kwenye kazi. Mapafu hayana misuli ya kujivutia hewa. Hufanya kama mvukuto wa mhunzi: kiwambo kilicho chini ya mbavu kikishuka na mbavu zikitanuka, nafasi ya kifuani inaongezeka na hewa inajaa yenyewe, kama nusu lita kwa pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia. Kwa siku ni zaidi ya lita 10,000. Bomba la hewa hugawanyika mara mbili, nne, nane, na kuendelea, hadi kwenye vifuko vya hewa vidogo mno ambavyo idadi yake hupita milioni 300. Vikitandazwa vyote vingefunika mita za mraba 70 hivi, ilhali ngozi ya mwili mzima haizidi sana mbili. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya kuingia kwenye damu, na kabonidayoksaidi hutoka, kwa muda usiofika sekunde moja.

Ukuta mwembamba namna hiyo lazima ulindwe. Njia za hewa zimetandikwa ute unaonasa vumbi, na chini ya ute kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyousukuma kuelekea kooni usiku na mchana. Makohozi ndiyo taka zinazotolewa. Chembe ndogo sana, zenye upana usiozidi sehemu ya ishirini ya unene wa unywele, huupita mtego huo na kufika kwenye vifuko. Chembe za moshi wa kuni ni za aina hiyo.

Hapa ndipo baridi inapopata lawama isiyo yake. Kukiwa na baridi, watu hufunga madirisha, hupika ndani na kukaa karibu na mafiga, mtoto akiwa mgongoni mwa mama anayepuliza moto. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Mama mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kupika hivyo, anaweza kuugua kikohozi sugu na pumzi fupi kama mvutaji sigara, ingawa hajawahi kuigusa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kabla gesi haijafika kila nyumba, dirisha la jikoni lililo wazi tayari ni dawa.

Jiko la mkaa chumbani ni hatari ya namna nyingine. Wengi huliwasha nje, husubiri moshi uishe na makaa yakolee, kisha huliingiza ndani wakiamini sasa ni salama. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Gesi hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mapafu yanaendelea kupumua vizuri, lakini damu haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na kuna waliolala hivyo wasiamke.

Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, adui ni jiwe. Mwamba wenye dhahabu huvunjwa kwa nyundo, kisha husagwa kwenye karasha. Vumbi jeupe linalotanda hapo limejaa silika. Chembe zake zikifika kwenye vifuko, seli za ulinzi huzimeza, hufa, na kuacha makovu yasiyofutika. Mapafu yenye makovu hayo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo, ila jiwe likilowekwa maji kabla ya kusagwa, vumbi hupungua sana.

Kifua kikuu kinatibika, kwa kawaida kwa miezi sita ya dawa. Lakini kupona vimelea si sawa na kurudishiwa mapafu ya zamani. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mbeya, pamoja na wenzao wa Msumbiji, Afrika Kusini na Gambia, walianza kuwafuatilia wagonjwa hata baada ya kumaliza dozi, kupima pumzi zao zimebaki na nguvu kiasi gani. Anayekohoa kwa wiki mbili akapima mapema hupoteza kidogo kuliko anayengoja Juni ipite kwa kudhani ni baridi.

Na nimonia? Huletwa na bakteria na virusi. Chanjo dhidi ya bakteria wake mkuu hutolewa bure kliniki tangu 2013, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto akiugua usiku, mfunue kifua, shika saa na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mwenye umri chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea kila anapovuta hewa, blanketi la tatu halitamsaidia. Apelekwe kituo cha afya usiku huo huo.