Mpambaji, usikubali jina lako lisahaulike

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kwa mpambaji wa nyuso anayetaka kazi yake ichapishwe katika majarida, hata chema sharti kitembezwe.

Kevyn Aucoin, mzaliwa wa Louisiana, Marekani, alilijua hilo. Alipohamia New York mwaka 1983, aliwapaka vipodozi wanamitindo chipukizi bila malipo ili apate picha za kuonyesha. Hatimaye jarida la Vogue likamwona, na hadi alipofariki mwaka 2002 sifa zake zilikuwa zimeenea duniani.

Nawe waweza kuanza hivyo. Tafuta mpiga picha na mwanamitindo wanaoinukia kama wewe, mkubaliane kila mmoja apate nakala. Chagua picha chache zenye wazo moja. Usizitawanye mitandaoni kabla ya kumpelekea mhariri, kwani wengi hutaka zile ambazo hazijaonekana.

Lakini angalia: ujira wako hapo ni jina lako chini ya picha. Likikosekana, wateja watamtafuta mpiga picha, si wewe. Basi kabla hujashika brashi, kubalianeni kwa maandishi nani atatajwa. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja tu.