Taya la Juu Linaporekebishwa: Yanayotarajiwa na Yanayoweza Kutokea

Wapo wakazi wa kata zetu ambao meno yao ya juu hayakutani na ya chini. Baadhi walizaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. Wakashonwa utotoni, lakini taya la juu likadumaa huku la chini likiendelea kukua. Wengine walivunjika taya katika ajali za barabarani, mifupa ikaunga vibaya. Kwa wengi wao, tiba ni upasuaji wa kurekebisha taya. Safari ya tiba hiyo huanza kwa daktari wa kinywa na meno aliye karibu, naye akiona haja hutoa rufaa kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa taya, kama wale wa Muhimbili, pale Upanga.

Mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, bingwa hukata mfupa juu ya mizizi ya meno kwa kupitia ndani ya mdomo. Ndiyo sababu uso haubaki na kovu. Mkato huo hubeba jina la René Le Fort, mpasuaji wa Ufaransa aliyeeleza mwaka 1901 jinsi mifupa ya uso inavyovunjika. Taya husogezwa mahali pake na kushikizwa kwa vibati na skrubu za titani. Kwa kawaida husubiriwa hadi mifupa ya uso ikome kukua, yaani mwishoni mwa ujana, na meno hufungwa waya miezi mingi kabla. Kwa hiyo mwenye bima aulize mapema kama inagharimia waya pia, wala si upasuaji peke yake.

Wengi hufurahia matokeo: hutafuna vizuri, hufumba midomo bila taabu. Hata hivyo uso huvimba, hasa siku ya pili na ya tatu. Mdomo wa juu, mashavu na fizi hupata ganzi, kwa kuwa mishipa ya fahamu imevutwa. Ganzi hiyo hupungua kwa wiki au miezi, ingawa kwa wachache haiishi kabisa. Pua huweza kupanuka kidogo. Maambukizi hutokea, na mara chache jino hufa au taya hurudi nyuma.

Waliozaliwa na kaakaa lililopasuka wanastahili maelezo marefu zaidi. Makovu ya zamani hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na hulivuta taya lirudi lilikotoka. Tena, taya likisogezwa mbele, kaakaa laini huweza kushindwa kuziba njia ya pua, sauti ikatokea puani kuliko awali. Mtu aliyehangaika miaka mingi kujifunza kusema vizuri ana haki ya kulijua jambo hili kabla ya kutia saini. Ni vyema matamshi yake yapimwe kwanza.

Mfupa huhitaji takriban wiki sita kushika. Muda huo chakula ni uji, mtori na supu iliyochujwa, kisha vyakula laini, kadiri daktari atakavyoruhusu. Mgonjwa asipenge kamasi wiki za mwanzo, wala asivute sigara. Mchukuzi wa Kariakoo au kuli wa bandarini asirudi kwenye mizigo mpaka aruhusiwe. Tunajua kwamba agizo hili ni zito kwa anayeishi kwa kibarua cha siku, hivyo familia ijipange mapema.

Damu ikitoka puani kwa wingi, hata wiki ya pili ambapo mgonjwa amekwisha kujiona mzima, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kungoja tarehe ya kliniki.