Wataka Kuwa Mhandisi? Usiiache Fizikia

Kila ufikapo wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, swali moja huzunguka bwenini: "Wee, unachukua fizikia ama unaiacha?" Wengi huiacha. Sheria yataka sayansi mbili tu, na biolojia na kemia zatosha. Fizikia, ati, ni ya vichwa vikali. Mwaka wa mwisho unapofika, jamaa huyo huyo anatangaza kuwa anataka kuwa mhandisi wa barabara. Kumbe mlango alishaufunga zamani.

Hebu tueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Wanaogawa nafasi za vyuo vikuu ni KUCCPS, shirika lililochukua kazi ya ile bodi ya zamani, JAB, kufuatia sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Sharti la kwanza ni gredi ya wastani ya C+. Hiyo inakufikisha langoni tu. Kwa uhandisi wanatazama masomo manne: hesabati, fizikia, kemia na somo moja jingine, kwa mfano jiografia, biolojia au dini. Kila somo lina pointi 12, kwa hivyo manne ni 48. Pointi hizo huunganishwa na jumla ya masomo yako saba, ambayo ni 84, ndipo upangwe kwenye foleni na wenzako wa nchi nzima.

Chukua wanafunzi wawili wa mfano. Wa kwanza ana pointi 70 kati ya 84, yaani B+, lakini hesabati ni B-, fizikia C+, kemia B- na dini A. Masomo yake manne ni 35. Wa pili ana pointi 66, yaani B tu, lakini hesabati ni A, fizikia A-, kemia B+ na jiografia B+. Yeye ana 43. Nyumbani watamchinjia mbuzi yule wa kwanza, lakini kwenye foleni ya uhandisi wa pili yuko mbele. (Kiswahili chetu, ole wetu, hakimo katika yale manne! Lakini tangu KCSE ya 2023 wastani huhesabiwa kwa hesabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi na masomo mengine matano bora, kwa hivyo chama chetu bado kina kazi.)

Kwetu sisi wa Kaskazini Mashariki kuna ugumu wa ziada, na tusiufiche. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa huko Kamuthe, TSC iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti zetu. Walioumia zaidi ni wanafunzi wa sayansi. Karatasi ya tatu ya fizikia hufanyiwa maabara na ina alama 40. Mtu hawezi kuikariri kitabuni. Ombi letu kwa walimu wetu ni moja: maabara ifunguliwe hata jioni, na wa kidato cha nne wawafundishe wadogo zao kushika ametari na kupima springi. Hilo halihitaji fedha.

Sasa, maisha ya huko. Shahada ya uhandisi ni miaka mitano, wala si minne. Waweza kupelekwa Nairobi, Moi kule Eldoret, Dedan Kimathi kule Nyeri, au JKUAT kule Juja, ambako basi la Garissa hupita karibu, pale Thika. Aliyezoea jua letu abebe sweta mbili, hasa wa Nyeri. Julai ya huko si mchezo. Maziwa ya ngamia utayaota. Mwaka wa kwanza ni hesabati na fizikia tena, kisha michoro, karakana na ripoti za maabara zisizokwisha. Baadaye unatumwa kwenye kampuni au idara kujifunza kazi kwa mikono. Karo na matumizi wengi husaidiwa na mkopo wa HELB, nao hulipwa baadaye. Kabla ya kuchagua kozi, hakikisha Bodi ya Wahandisi ya Kenya inaitambua, la sivyo utahitimu kisha ukose kusajiliwa.

Na aliyekosa pointi? Asirudi kuchunga kwa huzuni. Diploma ya uhandisi yataka C-, na hapa hapa mjini tunayo North Eastern National Polytechnic. Mwenye diploma nzuri anaweza kuomba shahada baadaye. Njia ni ndefu zaidi, lakini inafika.

Kazi zenyewe tunaziona kila siku. Mtambo wa umeme wa jua uliozinduliwa Garissa Desemba 2019 una uwezo wa zaidi ya megawati 50. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na tena Aprili 2024, yalikata barabara ya Madogo, watu wakavuka kwa mashua, na wengine wakazama. Barabara ile yahitaji watu wanaoujua mto Tana tangu utotoni.

KCSE ya mwisho ni ya 2027. Wadogo zetu wa mtaala mpya huchagua njia mapema zaidi, wakiwa gredi ya tisa, na njia ya uhandisi ni STEM. Waambieni likizo hii.